Kaliba ipi yafaa kumwinda swala? Jibu haliko kwenye ukubwa wa risasi

Na Mwandishi Wetu, Pemba

KISIWA cha Makoongwe, kilicho mkabala na bandari ya Mkoani kusini-magharibi mwa Pemba, hakina swala pala, hakina pongo wala kongoni. Mnyamapori anayekifanya kisiwa hicho kitajwe mbali ni popo mkubwa wa Pemba, anayelala mchana kutwa akining'inia kwenye matawi ya miti mirefu.

Hata hivyo, swali ambalo wawindaji wa Bara hujiuliza kabla ya kwenda porini, yaani bunduki ya kaliba gani inamfaa mnyama wa ukubwa wa swala katika umbali wa wastani, lina maana kubwa pia kwa wakazi wa visiwani. Pemba inajua kwa uzoefu wake madhara ya kutumia silaha isiyolingana na mnyama. Tena, ardhi ya kisiwa kidogo haina nafasi ya kupokea risasi iliyokosa shabaha.

Mazungumzo ya wawindaji kuhusu kaliba mara nyingi huishia kwenye ushindani wa nguvu: bunduki ya nani inapiga mbali zaidi, na ya nani ina risasi nene zaidi. Lakini historia ya kaliba kongwe, nyingi zikiwa na umri wa zaidi ya miaka 100, inaonesha kuwa uchaguzi hutegemea mambo matatu: mnyama anayewindwa, umbali alipo, na kile kilicho nyuma yake.

Kaliba ni nini

Kaliba ni kipimo cha kipenyo cha tundu la mtutu wa bunduki, au cha risasi inayopita humo. Waingereza na Wamarekani walizoea kukitaja kwa sehemu za inchi, na mataifa ya Bara la Ulaya kwa milimita. Hapo ndipo utatanishi unapoanza, kwa kuwa majina hayakufuata kanuni moja.

Kaliba iitwayo .303, iliyotumiwa na majeshi ya Uingereza, ina maana ya sehemu 303 za inchi zilizogawanywa kwa 1,000, kipimo cha ndani ya mtutu. Risasi yenyewe ni nene kidogo kuliko namba hiyo. Katika .30-30 ya Marekani, namba ya kwanza ni kaliba na ya pili ni uzito wa baruti iliyojazwa hapo mwanzo, greni 30 kwa kipimo cha Kiingereza, ambazo hazifiki gramu 2. Katika .30-06, namba ya pili haihusiani na baruti hata kidogo, bali ni mwaka 1906 ambao kaliba hiyo ilipokewa na jeshi la Marekani.

Wajerumani walitumia njia iliyo wazi zaidi. Kaliba ya 7x57 ina maana ya mtutu wa milimita 7 na ganda lenye urefu wa milimita 57.

Kwa hiyo .303, .308 na .30-06, ingawa zinakaribiana kwa unene, haziwezi kubadilishana. Kila moja ina ganda lake, na kulazimisha risasi kwenye bunduki isiyo yake kunaweza kuipasua bunduki usoni mwa mtumiaji. Hata kaliba yenye jina moja inaweza kuficha tofauti. Ujerumani ilipoboresha risasi zake za milimita 7.92 mwaka 1905, risasi mpya ilikuwa nene kuliko ile ya mwaka 1888 kwa takribani milimita 0.1. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, lakini ni hatari kwa mwenye bunduki ya toleo la zamani.

Ni lazima pia kutenganisha aina mbili za bunduki. Raifali ina mikato inayozunguka ndani ya mtutu, ambayo huizungusha risasi moja ili iende sawa bila kuyumba. Bunduki ya marisau, ambayo wengi huiita shotigani, ina mtutu laini na hurusha punje nyingi kwa pamoja, ambazo husambaa kadiri zinavyokwenda. Kazi za bunduki hizi mbili hazifanani.

Mnyama kwanza

Kaliba nyingi zinazosifiwa leo zilipata umaarufu kwa uwindaji wa kulungu wa Ulaya na Marekani. Wanyama wa jamii hiyo hawapo kwa asili Afrika Mashariki. Katika Bara zima la Afrika, kulungu wa asili wanapatikana kaskazini tu, katika nchi za Algeria na Tunisia. Wanyama wa porini wa huku ni wa jamii ya swala, wenye pembe zisizodondoka kila mwaka kama za kulungu.

Kwa mwindaji, tofauti hiyo si kubwa kwa sababu kinachoangaliwa ni uzito na umbo. Kulungu wa mkia mweupe wa Marekani huwa na uzito wa kati ya kilo 45 na 135 hivi. Swala pala dume ana kilo zinazokaribia 60 au 70, na pongo yuko katika kiwango hicho hicho au chini yake. Hivyo kaliba inayomtosha kulungu huyo inamtosha swala pala, pongo, tohe na swala granti.

Chini ya hapo wapo paa na digidigi. Paa mdogo anayeishi katika misitu ya Pemba, ukiwemo Msitu wa Ngezi, ana uzito wa kilo 4 hadi 6 tu. Risasi ya kaliba ya swala ikimpata mnyama huyo humharibu kabisa, na nyama inayobaki haina thamani. Juu ya hapo yupo pofu, ambaye dume lake linaweza kupita kilo 700, na kwake risasi nyepesi ya kulungu ni kumtesa.

Lipo pia suala la aina ya risasi ndani ya kaliba moja. Risasi ya kijeshi imefunikwa kwa metali ngumu yote, hivyo hutoboa na kupita. Swala aliyepigwa kwa risasi hiyo anaweza kukimbia kilomita kadhaa kabla ya kufa, na mwindaji asimpate. Risasi ya kuwindia ina ncha laini inayochanuka ikigonga mwili, na hivyo hutoa nguvu yake yote ndani ya mnyama. Mwindaji mwenye kaliba sahihi lakini risasi ya vita hajakamilisha uchaguzi wake.

Kwa Waislamu, ambao ni takribani wakazi wote wa Pemba, jambo hili lina uzito wa kidini pia. Mwindaji hutaja jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, na akimfikia mnyama angali hai ni wajibu wake kumchinja. Mnyama aliyejeruhiwa vibaya akapotea vichakani ni nyama iliyopotea na ni kiumbe kilichoteswa bila sababu.

Kaliba kongwe na kazi zake

Miongoni mwa kaliba kongwe za uwindaji, .30-30 iliyotoka kiwandani kwa Winchester mwaka 1895 ndiyo iliyofungua zama za baruti isiyo na moshi kwa wawindaji wa kawaida wa Marekani. Risasi yake ina uzito wa gramu 11 hivi na huondoka mtutuni kwa kasi ya takribani mita 670 kwa sekunde. Ni silaha ya msituni na ya karibu, inayofaa hadi mita 150.

Bunduki nyingi za .30-30 huhifadhi risasi katika bomba lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Kwa sababu hiyo ncha za risasi zake zilitengenezwa bapa. Ncha kali ingeweza kugonga kiwashio cha risasi iliyo mbele na kuifyatua ndani ya bomba. Usalama huo una gharama yake, kwa kuwa risasi butu hupoteza kasi haraka angani.

Kaliba ya 7x57 ilibuniwa na kampuni ya Mauser ya Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890 kwa ajili ya majeshi, na Hispania ikaipokea mwaka 1893. Waingereza walipoanza kuitumia porini waliipa jina la .275 Rigby. Sifa yake ni upole begani pamoja na risasi nyembamba, ndefu na nzito inayopenya kwa kina. Kwa swala wa kati, katika umbali wa hadi mita 200, ni vigumu kuitafutia kasoro.

Kaliba ya .303 iliingia Afrika Mashariki mikononi mwa askari wa Uingereza na wa King's African Rifles. Wajerumani kwa upande wao walikuwa na bunduki za Mauser. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Ujerumani zilikuwa bado zinatumia bunduki za muundo wa mwaka 1871 zenye baruti nyeusi, ambayo kwa kila mlio ilitoa wingu la moshi lililoonesha alipo mpigaji. Katika mapigano ya Tanga ya Novemba mwaka huo, jeshi la Ujerumani liliteka mamia ya bunduki za kisasa kutoka kwa Waingereza. Baada ya vita, .303 ilibaki nchini kama silaha ya dola na ya wawindaji, na risasi yake ya gramu 11.3 yenye kasi ya mita 740 kwa sekunde iliwatosha swala wa kila aina ya kati.

Kaliba ya .30-06 ilifika eneo hili mapema pia. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani kama Rais wa Marekani, alitua Mombasa Aprili 1909 akiwa na bunduki ya Springfield ya kaliba hiyo katika safari ya kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Risasi yake ya gramu 11.7 huondoka kwa mita 820 kwa sekunde ikiwa na nishati ya jouli zinazokaribia 4,000. Inatosha kwa swala pala na inatosha pia kwa tandala.

Ndugu yake mdogo ni .308, iliyotolewa kwa wawindaji mwaka 1952 na ambayo pacha wake wa kijeshi wa milimita 7.62 alipokewa na nchi za NATO miaka michache baadaye. Kwa ganda fupi zaidi, inakaribia kazi yote ya .30-06. Kaliba ya .270 ya mwaka 1925 hurusha risasi nyepesi ya gramu 8.4 kwa kasi ya zaidi ya mita 900 kwa sekunde, na kwa hiyo inapendwa na wanaowinda mbugani penye uwazi. Nayo .243 ya mwaka 1955 ndiyo nyepesi zaidi katika kundi hili. Inafaa kwa swala wadogo na wa kati na kwa watu wasiopenda pigo kali begani.

Mwishoni ipo 9.3x62, iliyobuniwa na fundi bunduki Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 ikiwalenga walowezi na maofisa wa makoloni ya Ujerumani Afrika. Ilitosha kwenye bunduki ya kawaida ya Mauser, hivyo mlowezi hakuhitaji kununua bunduki ya bei kubwa ya mitutu miwili ili kukabiliana na nyati. Kwa swala pala, hata hivyo, ni nguvu iliyozidi mahitaji.

Umbali wa wastani una maana gani

Wawindaji wengi wa swala hufyatua risasi wakiwa kati ya mita 50 na 200. Kwenye vichaka vizito, pongo huonekana akiwa chini ya mita 80. Kwenye mbuga ya nyasi fupi, swala granti anaweza kumwona mtu akiwa mbali zaidi ya mita 200 na kuondoka.

Risasi huanza kuanguka mara tu inapotoka mtutuni. Bunduki ya .308 iliyorekebishwa ili ipige katikati ya shabaha kwenye mita 100 itapiga chini kwa takribani sentimita 10 hadi 12 ikiwa mnyama yupo mita 200. Bunduki ya .30-30 katika hali hiyo hiyo itapiga chini kwa zaidi ya sentimita 20.

Eneo la moyo na mapafu la swala pala halizidi sana upana wa sahani ndogo ya chai. Kosa la sentimita 10 linaweza kubaki ndani ya eneo hilo. Kosa la zaidi ya sentimita 20 humvunja mnyama mguu au humkosa kabisa. Kwa sababu hiyo .30-30 inaitwa bunduki ya karibu, ingawa risasi yake inaweza kuua mbali zaidi ya hapo.

Umbali wa wastani basi si sifa ya bunduki peke yake. Ni umbali ambao mtu huyo, kwa bunduki hiyo, anaweza kuweka kila risasi ndani ya sahani ile akiwa amepiga goti au amesimama, akiwa anahema baada ya kutembea. Kwa watu wengi umbali huo ni mfupi kuliko wanavyodhani.

Funzo la Bell

Mtu anayetajwa mara nyingi katika mjadala wa kaliba Afrika Mashariki ni Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880 na kujulikana kwa jina la Karamojo kutokana na safari zake za pembe za ndovu katika eneo la Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda ya leo. Aliua tembo zaidi ya 1,000 katika maisha yake, wengi wao kwa kutumia .275 Rigby, kaliba ambayo leo huhesabiwa kuwa ya swala.

Siri yake ilikuwa maarifa. Bell alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo ulipo kwa kila upande, alitumia risasi ngumu zisizochanuka, na alifanya mazoezi ya shabaha bila kuchoka. Alichagua bunduki ambayo mwili wake haukuiogopa.

Mfano wa Bell haupaswi kufuatwa kwa tembo, wala idadi ya tembo alioua si ya kujivunia katika zama ambazo mnyama huyo amepungua mno. Lakini kanuni aliyoithibitisha inabaki: risasi ndogo mahali pake inashinda risasi kubwa mahali pasipo pake. Bunduki inayopiga bega kwa nguvu humfanya mtumiaji afumbe macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa. Mwenye .375 anayeiogopa bunduki yake ni hatari kwa swala kuliko mwenye .243 aliyeizoea.

Kilicho nyuma ya mnyama

Jambo la tatu husahauliwa zaidi, na ndilo linaloirudisha hoja kisiwani. Risasi inayomkosa mnyama, au inayompita, haiishii hapo. Risasi ya .30-06 iliyorushwa kwa kuinuliwa inaweza kusafiri kilomita 4 au zaidi. Hata .22, bunduki ndogo ambayo wengi huichukulia kama ya kuchezea, inaweza kufikisha risasi yake karibu kilomita 2.

Porini Bara, mwindaji hutafuta kilima au ukingo wa udongo nyuma ya mnyama ili uipokee risasi. Katika kisiwa kidogo kama Makoongwe, nyuma ya mti yapo mashamba, nyuma ya mashamba zipo nyumba, na nyuma ya nyumba yupo mvuvi katika ngalawa yake na abiria wanaovuka kwenda Mkoani. Hakuna kaliba kongwe ya raifali, hata ile pole kuliko zote, iliyo salama kufyatuliwa kuelekea juu mahali kama hapo.

Wasasi wa jadi wa visiwani walilijua hilo bila hesabu za mita na jouli. Nguruwe mwitu wanaoharibu mihogo na mazao mengine Pemba wamekuwa wakisakwa kwa mbwa, mikuki na mapanga, kwa watu kuzunguka kichaka na kumfukuza mnyama kuelekea kwa wenzao. Silaha hizo hazivuki mpaka wa shamba.

Popo wa Pemba na marisau

Bunduki iliyoleta madhara makubwa kwa wanyamapori wa Pemba haikuwa raifali, bali ile ya marisau. Popo wa Pemba, ambaye haishi kwa asili mahali pengine popote duniani, alielezwa kisayansi mwaka 1909 na kupewa jina la Voeltzkow, mtafiti wa Kijerumani. Mabawa yake yakitandazwa yanaweza kufikia mita 1.6. Anakula matunda na kueneza mbegu, na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka.

Watu wa Pemba walimwinda popo huyo kwa njia za jadi tangu zamani kwa ajili ya kitoweo. Mitego ya mkono ilimpata mmoja au wachache kwa usiku. Bunduki ya marisau ilibadili hesabu hiyo. Popo hulala kwa makundi, wakiwa wamening'inia karibu karibu, na mlio mmoja hutawanya punje ndani ya kundi zima. Wengine huanguka, wengine huruka wakiwa na majeraha na kufia mbali, na waliosalia hulihama tawi.

Hapa marisau yalikuwa yanafanya kazi ambayo yalitengenezewa, yaani kusambaa. Lakini kwa kiumbe kinachozaa mara moja kwa mwaka na kulala kwa mamia mahali pamoja, kusambaa huko ndiko kulikokuwa kosa. Sambamba na ukataji wa misitu, uwindaji uliwapunguza hadi, katika hesabu ya mwaka 1995, wakakadiriwa kuwa chini ya 6,000. Mwaka uliofuata waliwekwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Kilichofuata ni kazi ya jamii. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, shirika la Fauna & Flora International na Idara ya Misitu ya Zanzibar zilishirikiana na wanavijiji, na vikundi vya uhifadhi vikaundwa, kikiwemo cha Kidike, ambako wageni hulipa ili kuwaona popo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2000 idadi ilikuwa imepita 20,000, na mwaka 2008 popo huyo alishushwa katika orodha hiyo hadi ngazi ya walio hatarini kiasi. Makoongwe ni miongoni mwa mahali ambako bado anaonekana.

Sheria inasemaje

Wanyamapori si suala la Muungano, hivyo Bara na Zanzibar zina sheria tofauti. Kwa Zanzibar, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Rasilimali za Misitu Na. 10 ya mwaka 1996 ndiyo inayowalinda wanyama wa porini. Mwenye nia ya kuwinda, hata kwa kulinda mazao, anapaswa kuanzia kwa mamlaka za misitu na si kwa muuza risasi.

Kwa Bara, msingi ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 pamoja na kanuni zake. Kanuni za uwindaji wa kitalii huweka .375 kuwa kaliba ya chini kwa wanyama hatari kama nyati, simba na tembo. Kaliba hiyo, iliyotolewa na kampuni ya Holland & Holland mwaka 1912, ina risasi ya gramu 19 na nishati ya zaidi ya jouli 5,500. Umiliki wa bunduki yoyote nao unahitaji leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015.

Kuchagua

Kwa anayewinda kihalali swala wa ukubwa wa pala au pongo Bara, ndani ya mita 200, kaliba za 7x57, .308, .270 na .30-06 zote zinatosha, na mnyama hatajua tofauti yake. .303 inatosha pia iwapo bunduki yenyewe imekaguliwa na fundi, kwa kuwa nyingi ni za zamani. Mwenye kuwinda kwenye vichaka pekee anaweza kuridhika na .30-30. Mwenye mwili mwepesi au asiye na uzoefu mrefu atapiga vizuri zaidi kwa .243, mradi achague risasi ya ncha laini na asiwaguse wanyama wakubwa.

Baada ya hapo, vigezo vinavyobaki ni vya kawaida: risasi zinazopatikana kwa urahisi na kwa bei inayoruhusu mazoezi, bunduki inayolingana na urefu wa mkono wa mwenyewe, na subira ya kumwacha mnyama aende pale umbali unapozidi uwezo au pasipo na udongo nyuma yake wa kuipokea risasi.

Kwa Pemba na visiwa vyake vidogo, jibu ni fupi zaidi. Hakuna huko mnyama anayehitaji kaliba ya swala, na hakuna ardhi ya kutosha kuibeba. Uamuzi wa kuiweka bunduki chini ndio uliowarudisha popo kwenye miti.